Hakimu Aliniuliza Mtoto Analala Saa Ngapi

Nilipopanda kizimbani kutoa ushahidi katika shauri langu la talaka, mwanzoni mwa mwaka 2019, nilikuwa nimeshika kaunta buku ambalo nilikuwa nimeliandika kwa karibu miaka miwili. Ndani yake zilikuwamo tarehe ambazo mume wangu aliondoka na lori, tarehe alizorudi, miezi ambayo hakutuma hata shilingi moja, na mtaa wa Tunduma alikokuwa amempangia mwanamke mwingine chumba. Nilieleza yote kwa muda mrefu na hakimu aliandika kwa mkono wake bila kunikatiza. Kisha akainua kichwa na kuniuliza swali ambalo sikuwa nimeliandikia hata mstari mmoja: "Mama, huyu mtoto wako mdogo analala saa ngapi, na akiamka usiku anamwita nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Alikuwa akilala saa mbili usiku, na akiamka alimwita dada yake kwanza, ndipo aniite mimi. Kilichonifunga mdomo kwa muda ni kwamba sikuwahi kufikiri kuwa jambo kama hilo ni la mahakamani. Nilikuwa nimejiandaa kuthibitisha ubaya wa mume wangu, nikidhani kwamba nikishinda hapo watoto watanifuata wenyewe, kama vile ushahidi wa ndoa kuvunjika ndio ushahidi wa malezi.

Naandika haya kwa sababu tangu shauri langu liishe, kibanda changu cha cherehani hapa Morogoro kimekuwa mahali ambapo wanawake, na siku hizi wanaume pia, huja na kitambaa cha kushona mkononi na swali la talaka moyoni. Mimi si mwanasheria, na ninayoyasema ni ya Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar wana utaratibu wao na Mahakama ya Kadhi. Nasema tu yale niliyoyapitia na yale niliyoyasoma baadaye katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo sasa ni Sura ya 29, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009.

Nianze na kosa lililonigharimu muda mwingi kuliko yote, kwa sababu naliona likirudiwa kila mwaka. Sheria hairuhusu mtu kwenda moja kwa moja mahakamani kuomba talaka. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinataka mgogoro upelekwe kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza likishindwa kuwapatanisha litoe hati inayosema hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa vikao vitatu na wazee wa kanisa letu, watu wazima wenye nia njema kabisa, ambao mwishowe waliniandikia barua yenye mhuri wakieleza kwamba wamejitahidi na wameshindwa. Nikaipeleka barua ile mahakamani pamoja na maombi yangu, nikaamini kwamba sharti limetimia. Miezi kadhaa baadaye, tukiwa tayari tumepangiwa siku ya kusikilizwa, ikaonekana kwamba wale wazee hawakuwa baraza lililotambuliwa na Waziri kwa mujibu wa sheria, na maombi yangu yakaondolewa bila hata kuguswa kiini chake. Jumuiya ya dini inaweza kabisa kuwa na baraza lake, na yapo ya Waislamu na ya Wakristo, lakini lazima liwe limeteuliwa rasmi. Swali la kumuuliza katibu kabla ya kuketi, kwa adabu, ni kama baraza lao linatoa ile Fomu Namba 3 ambayo mahakama inaitambua.

Nilirudi nyuma nikaanza upya kwenye baraza la kata. Mume wangu aliitwa mara ya kwanza hakufika, akaitwa mara ya pili hakufika, na mara ya tatu alifika akasema mbele ya wajumbe kwamba yeye hana ugomvi na mtu, ila kurudi nyumbani hawezi. Mwenyekiti, mzee mmoja mpole, alinigeukia akasema, "Mama, sisi kazi yetu ni kujenga, lakini hapa hakuna tofali," kisha akaagiza hati iandikwe. Niliisoma mara mbili kabla ya kuondoka, kwa sababu msaidizi wa kisheria aliyekuwa ameanza kunielekeza, mmoja wa wale ambao kazi yao imetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, alikuwa ameniambia mambo mawili. La kwanza, hati lazima ieleze kile baraza ilichokiona na kwamba usuluhishi umeshindikana, isiwe barua tu ya kunituma mahakamani. La pili, hati hiyo ina umri, maana kifungu cha 106 kinataka iwe imetolewa ndani ya miezi sita kabla ya maombi kufunguliwa. Nawajua watu wawili waliopata hati nzuri wakaiweka kabatini mwaka mzima wakisubiri hasira zipoe au nauli ipatikane, na walipokwenda mahakamani wakaambiwa waanze tena. Kuna hali ambazo sheria inasamehe sharti la baraza, kwa mfano pale mwenzi amekutelekeza na hujui alipo, au amefungwa kifungo cha miaka mitano au zaidi, lakini ni mahakama inayopima kama hali yako ni miongoni mwa hizo. Vilevile ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili haiombewi talaka bila kibali maalumu cha mahakama.

Kuhusu sababu za talaka sitasema mengi, kwa sababu watu huzijua kuliko wanavyodhani. Mahakama hutafuta kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na kifungu cha 107 kinataja mambo yanayoweza kuthibitisha hilo: uzinzi, ukatili wa mwili au wa akili, kumtelekeza mwenzi kwa makusudi, kutengana kwa hiari kwa miaka isiyopungua mitatu, na mengine. Swali linaloniumiza zaidi hapa ni la dada zangu Waislamu, ambao huja na karatasi ya talaka iliyoandikwa na mume na kuamini kwamba kila kitu kimekwisha, pamoja na haki zao. Talaka iliyotamkwa au kuandikwa nyumbani haivunji ndoa mbele ya sheria ya nchi mpaka mahakama itoe amri. Kazi yake huja baada ya baraza kutoa hati kwamba limeshindwa kupatanisha: tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, likifanyika baada ya hati hiyo, huifanya mahakama ikubali kwamba ndoa imevunjika. Maana yake ni kwamba mwanamke aliyeandikiwa talaka Ijumaa bado anao mlango wa kudai matunzo yake ya eda, mgawo wake wa mali na malezi ya watoto. Nilimwambia hivyo jirani yangu mmoja aliyekuwa amekwisha kufunga mabegi kurudi kwao Kilosa, akakaa chini kwenye kigoda changu akalia.

Narudi kwenye watoto, ambao ndio hasa walionifanya nishike kalamu.

Baada ya swali lile la hakimu, mahakama iliagiza Afisa Ustawi wa Jamii afanye uchunguzi na kuandika taarifa. Alikuja nyumbani kwangu siku ya Jumanne bila kutoa taarifa, saa kumi na mbili na nusu jioni, nikiwa nimepakata kitambaa cha sare na mtoto anakula ugali na dagaa kwenye mkeka. Nilitaka kuinuka nipange chumba, akaniomba nisiinuke. Alikaa karibu saa nzima. Alitazama chandarua, akakihesabu kitanda kimoja na godoro moja la chini, akaomba kadi ya kliniki ya mdogo na madaftari ya mkubwa, akapekua kurasa za nyuma kuona nani husaini kazi za nyumbani. Akamuuliza mtoto mdogo mswaki wake uko wapi, na mtoto akaenda akauleta pamoja na wa dada yake. Kisha akaniuliza mtoto anaogopa nini usiku, ninamwacha kwa nani ninapokwenda Msamvu kuchukua vitambaa, na baba yao akija watoto hufanya nini. Hilo la mwisho nilijibu ukweli, kwamba hukimbia kumpokea. Niliona kalamu yake inatembea na nikaogopa kwamba nimejiharibia. Nilipoisoma taarifa baadaye, sentensi ile ilikuwamo, na mbele yake alikuwa ameandika kwamba mama hazungumzi ubaya wa baba mbele ya watoto. Si kweli kwamba sikuwahi kufanya hivyo. Nilikuwa nimefanya mara nyingi katika mwaka wa kwanza wa hasira, na ninamshukuru Mungu kwamba nilikuwa nimeacha kabla ya jioni ile.

Afisa huyo alikwenda pia kwa mama mkwe, ambako mume wangu alikuwa ameeleza kwamba watoto wangeishi kama angepewa malezi, kwa kuwa yeye mwenyewe hukaa barabarani wiki tatu katika mwezi. Mama mkwe ni mwanamke mzuri na nyumba yake ni kubwa kuliko chumba changu na sebule. Wengi huniuliza kama umaskini unamnyima mama mtoto wake, na mimi najibu kwa yale niliyoyaona: kipato kilipimwa, lakini kilipimwa zaidi kwenye hesabu ya matunzo kuliko kwenye hesabu ya mtoto akae wapi. Kwenye malezi, kifungu cha 125 kinaweka ustawi wa mtoto mbele ya kila kitu, kisha kinaitaka mahakama itazame matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe iwapo umri wake unamwezesha kutoa maoni yake, na mila za jamii husika. Sheria ya Mtoto inaongeza mambo ambayo kwetu yalikuwa na uzito mkubwa, yaani kutovuruga mwendelezo wa malezi ambayo mtoto ameyazoea na kutowatenganisha ndugu inapowezekana.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Hakimu alimwita ofisini kwake, sio kwenye chumba cha mahakama, akatutaka sisi wazazi tubaki nje kwenye benchi. Tulikaa mimi na mume wangu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu bila mtu katikati yetu, wala hatukusemeshana. Mtoto alitoka baada ya kama dakika ishirini akiwa ameshika peremende, na sikumuuliza chochote siku ile, kwa sababu msaidizi wa kisheria alikuwa amenikataza kabisa kumfundisha maneno au kumhoji. Nilikuja kujua alichosema siku hukumu iliposomwa. Alimwambia hakimu kwamba anampenda baba na anampenda bibi, lakini yeye anataka kulala pale anapolala mdogo wake, kwa sababu akiamka usiku humwita yeye.

Ukweli ni kwamba sheria haikumlazimisha hakimu kuwaweka pamoja. Sheria ile ile ya Ndoa inasema kila mtoto atazamwe kwa ustawi wake mwenyewe, na nimeona mashauri ambayo ndugu walitenganishwa. Kwetu, jibu la msichana wa miaka tisa na jibu langu la kizimbani yalikutana, na taarifa ya ustawi wa jamii ikayathibitisha. Malezi ya wote wawili nikapewa mimi, na baba akapewa haki ya kuwaona kila wikiendi anayokuwa mjini na kukaa nao nusu ya likizo ya Juni na nusu ya likizo ya Desemba. Aliamriwa pia kutoa shilingi 150,000 kila mwezi za matunzo, ada na gharama za matibabu zikiwa juu yake. Kwa kifungu cha 129 baba hubaki na wajibu wa kuwatunza watoto wake, wawe wanaishi naye au wanaishi kwa mtu mwingine, kwa kadiri ya uwezo wake, ndiyo maana nilitakiwa kuleta chochote kilichoonyesha uwezo huo. Kaunta buku langu lilinisaidia hapo hatimaye: zile kurasa za miamala ya simu ndizo zilizoonyesha alichokuwa akituma katika miezi mizuri.

Sasa niseme kosa langu la pili, ambalo nalionea uchungu kuliko la kwanza, kwa sababu la kwanza lilinipotezea muda wangu na hili lilichukua kilicho cha watoto. Mwezi wa tano baada ya hukumu matunzo hayakuja, na wa sita hayakuja. Mume wangu wa zamani alipofika Ijumaa kuwachukua, nilisimama mlangoni nikamwambia hakuna mtoto anayetoka mpaka fedha iingie. Binti yangu alikuwa amekwisha kuvaa viatu. Nilimwona akivivua taratibu, akavipanga chini ya kitanda, akamvua na mdogo wake. Wiki mbili baadaye tulikuwa mbele ya hakimu yule yule, yeye akilalamika kunyimwa watoto na mimi nikilalamika kunyimwa fedha, na tulisikilizwa wote wawili kwa haki. Fedha aliamriwa kuzilipa kwa awamu pamoja na za miezi inayofuata. Mimi nilielezwa, kwa sauti ya chini ambayo sitaisahau, kwamba haki ya kumwona baba ni ya mtoto, na kwamba deni la baba hudaiwa mahakamani kwa kuomba utekelezaji wa amri, halidaiwi kwa kumfungia mtoto mlango. Leo mwanamke akiniuliza, "Dada, kwa nini nimpe mtoto na hela hatoi?" namsimulia habari ya vile viatu.

Wanaume wanaokuja huuliza zaidi kama hukumu ya malezi ni ya milele. Hapana. Kifungu cha 133 kinaruhusu amri ya malezi au matunzo kubadilishwa pale hali inapobadilika kwa kiasi kikubwa au inapogundulika kwamba mahakama ilidanganywa. Mmoja wao, fundi seremala, alirudishiwa mwanawe baada ya mama kuolewa mbali na mtoto kuacha shule, na hakutumia ubavu kumchukua. Kumchukua mtoto kwa nguvu kutoka kwa mwenye malezi halali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto, hata kama anayemchukua ni mzazi.

Kuhusu mali nitapita haraka. Tulikuwa na nyumba isiyokwisha Kihonda, kiwanja kikiwa na jina lake kwenye hati ya mauziano. Kifungu cha 114 kinatazama mchango wa kila mmoja, wa fedha, wa mali au wa kazi, na tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona mumewe alikwisha kumpa fedha na yeye Bi Hawa akazitumia vibaya, jambo ambalo watu huliacha wanapoisimulia kesi yake. Mimi nilipata asilimia 40 ya thamani, kwa risiti za saruji na kwa ushahidi wa fundi mwashi ambaye nilimpikia miezi minne. Na kwa walioishi pamoja bila kufunga ndoa, kama mdogo wangu, kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke walioishi miaka miwili au zaidi na kutambulika kama mume na mke hudhaniwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hata dhana hiyo ikivunjwa, mwanamke bado anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto. Mdogo wangu aliambiwa na shemeji zake kwamba hana pa kwenda. Alikuwa napo.

Limebaki swali moja ambalo naulizwa kuliko yote, nalo ni hili la miaka saba. Watu wameshika kwamba mtoto akitimiza miaka saba ni wa baba, na baba huja kumchukua kama mtu anayechukua mzigo wake stendi. Sheria inasema tu kwamba mtoto wa chini ya miaka saba huchukuliwa kuwa ni vema akae na mama yake, dhana ambayo baba anaweza kuipinga kwa ushahidi. Baada ya umri huo dhana inaondoka, na linalobaki ni lile lile la ustawi wa mtoto, bila upande wowote kupewa mtoto kwa sababu ya siku ya kuzaliwa.

Mwanangu alitimiza miaka saba siku ya Jumapili. Jioni ile bibi yake alipiga simu, akamsalimia mjukuu wake, kisha akaomba aongee na mimi. Nikamwamkia. Aliitikia, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, basi tunamleta lini?" Nikamwomba asubiri. Nikaitoa hukumu kwenye bahasha iliyo chini ya mashine, nikamsomea ile aya yote, polepole, mpaka kwenye wikiendi na likizo. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama mtoto bado hapendi maharage yaliyowekwa nazi, ili Juni atakapokwenda amwandalie ya mafuta.